Nyuzi Mbili za Naw Thay Mu

Pler Wah alikuwa muuza samaki wa kusaga na chumvi, ule uvundo mtamu ambao sisi Wakaren wa milimani tunautia katika kila mboga. Harufu ilifika kijijini kabla yake, na watoto wakamwimbia, "Pua inasema Pler Wah kaja!" Mtu anayenuka hivyo, nani atamdhania jasusi?

Jeshi la serikali lilimkamata kwenye kizuizi cha barabarani, dawa za wapiganaji wetu wa msituni zimefichwa chini ya mtungi. Wakampa la kuchagua: aozee gerezani, au aendelee kuuza na kuwaletea habari. Akachagua kuuza. Mwanzoni aliwapelekea makapi: daraja fulani limelegea, mchele umepanda bei. Kapteni wao akachoka.

"Unanichezea, wewe mnuka samaki?"

Ndipo Pler Wah akatoa neno ambalo kapteni yule, mtu wa bondeni, asingelijua hata azeeke kwetu. Agosti, kila mama wa Kikaren huiita roho ya mwanawe irudi nyumbani, akamfunga uzi mkononi. Kijana wa msituni, hata awe mkaidi vipi, huo uzi haukosi. Watashuka kwa njia ya mianzi, akamwambia.

Walishuka. Watatu hawakupanda tena. Mmoja wao alikuwa Hser Nay, mwana wa Naw Thay Mu, jirani aliyemlisha Pler Wah tangu mkewe afe.

Vita vikatulia, na hakuna aliyemnyooshea kidole. Heri wangemnyooshea! Kila Agosti alibeba begani mzega wake, ule mti wa kuning'inizia mitungi, akavuka mto siku ya nyuzi isimkute, wateja wawepo wasiwepo. Mwaka huu homa ikamlaza. Akakonda, chakula hakipiti, na kijiji kizima kikajua ugonjwa: roho imetangatanga, huyu hajafungwa uzi miaka.

Naw Thay Mu akapanda ngazi na sinia: wali wa kunata, ndizi, muwa, bakuli la maji baridi.

"Shangazi, usijisumbue. Ni homa tu."

"Homa gani inamkondesha mtu hadi masikio? Lete mkono."

"Nanuka."

"Umeanza leo?"

Akagonga sakafu kwa mwiko, akaiita roho itoke mitoni, itoke vichakani, itoke njia ya mianzi. Pler Wah akafumba macho. Uzi ukafungwa. Akashusha pumzi: limepita.

Naw Thay Mu akatoa uzi wa pili.

"Huu wa Hser Nay. Kila mwaka nausokota, kila mwaka nakosa mkono wa kuufunga. Wewe ulikula naye chungu kimoja. Mvalie, mwanangu."

Mkono ukaruka, ukajificha chini ya blanketi kama mtoto mwizi.

"Pler Wah?"

Akalivuta blanketi hadi kidevuni.

"Pler Wah, kuna nini?"

Akageukia ukutani. Naw Thay Mu akautazama ule mgongo mpaka maji yakatulia kwenye bakuli. Kisha akauviringisha uzi wa mwanawe kidoleni, akabeba sinia lake, wali na ndizi na vyote, akashuka ngazi bila kuaga.

Homa ilimwachia. Uzi wake hakuukata. Ameuacha uoze wenyewe. Na akipita mlangoni kwa Naw Thay Mu, huuhamisha mzega hadi bega la pili, ili mkono wenye uzi uangalie mtoni, si mlangoni kwake.