Kaka Alipoacha Kuona Haya

Kule kwetu Msimbu, mbuzi akichinjwa kwenye shughuli yoyote, aliyeitwa kugawa nyama alikuwa kaka yangu. Hakuwa mwenye bucha. Alikuwa mkulima wa mihogo na mananasi kama wenzake, ila mafungu yake hayakuwahi kuzua ugomvi. Akimaliza kugawa alijifuta mikono kwa jani la mgomba, akasubiri kila mtu achukue, ndipo naye aliinama kuokota fungu lililobaki.

Mimi ni mdogo wake. Nilipata ajira Kibaha, nikajenga Tangini, na ofisini nilikuwa natamba naye. Wenzangu wakilalamikia watoto wa siku hizi, nilikuwa na jibu moja tu: malezi. Marehemu mama alitulea kwa fimbo ya mpera, na kaka ndiye aliyekuwa ushahidi wangu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Niliamini hivyo kabisa, na nilikuwa nawakatiza watu wakibisha.

Miaka minne iliyopita kaka alipanda bodaboda akitoka Kisarawe mjini, bila kofia ngumu. Pikipiki iliteleza kwenye kokoto, naye akatua kwa paji la uso. Alilazwa siku kumi na moja. Alitoka kwa miguu yake, anaongea vizuri, anakumbuka majina ya watoto wote na sura alizohifadhi madrasa. Tulichinja kuku tukashukuru Mungu.

Wiki tatu baadaye wifi yangu, mke wa kaka, akanipigia simu.

"Wifi, mwili wa kaka yako wamenirudishia," alisema. "Mwenyewe sijui wamemwacha wapi."

Nilidhani ni uchovu wa kuuguza, mpaka siku ya akika ya mtoto wa binamu yetu. Kaka alipewa kisu kama kawaida. Akatoa maini yote, akayabanika kwenye makaa, akaketi kwenye kigoda mbele ya wakwe na wageni, akaanza kula peke yake. Mama mwenye shughuli akamsogelea kwa adabu.

"Baba, wageni bado hawajala."

Kaka alimtazama, akalamba vidole. "Nina njaa," akasema.

Hakuwa na hasira wala hakuwa anatania. Alisema kama anayemweleza hali ya hewa. Watu wakaangalia chini, nami nikajifanya natafuta viatu vyangu.

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Alicheka msibani. Alimwambia wifi mbele ya wakwe maneno ambayo mume hamwambii mkewe hata chumbani. Kisha asubuhi moja, jua likiwa limeshawaka na watu wakipita njiani, aliingia shamba la jirani yake na kuvuna mananasi, akayabeba kwenye tenga mpaka nyumbani. Jirani huyo ni mzee aliyepakana na baba yetu tangu sisi hatujazaliwa, na mpaka wao ni mstari wa katani tu. Hakuna aliyewahi kuuvuka.

Nilifika Jumamosi nikamkuta kaka barazani, anamenya.

"Kaka, hilo nanasi la nani?"

"La mzee jirani."

"Kuchukua cha mtu bila ruhusa kunaitwaje?"

"Wizi. Haramu. Mama angenichapa."

"Sasa mbona umechukua?"

Alifikiri kidogo. Niliona kabisa kwamba ananitafutia jibu la kweli.

"Yalikuwa yameiva," akasema, akanikatia kipande.

Kijijini maelezo yalikuwa mawili. Wengine walisema amerogwa, barabarani alikutana na kitu. Wengine walisema, na haya ndiyo yaliyomuumiza wifi, kwamba hiyo ndiyo tabia yake tangu zamani, alikuwa anaificha tu. Wifi alilia kwa hilo kuliko alivyolia siku ya ajali. Miaka ishirini na sita amelala na mtu huyo, aliniambia, na mtu hawezi kumficha mkewe tabia yake miaka ishirini na sita.

Tukampeleka Dar kwa daktari wa mambo ya ubongo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimuuliza kaka maswali mengi. Ukikuta mtoto anazama utafanya nini? Ukiokota simu ya mtu? Kaka alijibu yote sawasawa, kama mwanafunzi aliyesoma. Kisha daktari akatuonyesha picha ya kichwa, akagusa sehemu nyeusi nyuma ya paji.

"Kujua, anajua," alisema. "Kilichoumia ni kile kinachokushtua. Wewe ukinyoosha mkono kuchukua cha mwenzio, kuna kitu kinakuruka ndani kabla hujafikiri lolote. Tumezoea kusema ni moyo. Lakini hapa ndipo kinapotoka."

Wifi akauliza swali ambalo nadhani alilibeba tangu nyumbani. "Daktari, dhambi zake zinaandikwa?"

Daktari aliiweka picha mezani. "Hilo mama kamuulize shehe," akasema. "Mimi ninachojua ni kwamba aliyevunjika mguu hatumwambii akimbie."

Tuliporudi nilikaa dirishani kwenye basi nikimfikiria mama na fimbo yake. Kila alichotufundisha mama, kaka alikuwa nacho bado. Angeweza kukusomea neno kwa neno. Kama wema wake ungekuwa mafunzo matupu, basi ungekuwepo, maana mafunzo hayakupotea. Kilichopotea kilikuwa chini ya mafunzo, kitu ambacho mama hakukiweka yeye. Alikikuta. Nilikuwa nimemsifu mama miaka yote kwa kazi ambayo nusu yake aliletewa tayari. Siku hiyo nilijisikia kama ninamnyang'anya marehemu haki yake, lakini sikuweza kufikiri vingine, na mpaka leo sijaweza.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee jirani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakunikaribisha kiti.

Nikamweleza habari ya picha, ya paji, na ya mguu uliovunjika. Alisikiliza akiwa anachonga mpini wa jembe.

"Aliyevunjika mguu anachechemea, mwanangu," akasema. "Haingii shambani kwangu."

"Baba, wewe umemjua tangu anatambaa. Aliwahi kukuchukulia hata kuni?"

Akaendelea kuchonga. Nilikaa chini, kwenye mchanga, na sikuondoka. Baadaye sana akauliza, "Kwa hiyo ukimuuliza anajua?"

"Anajua."

"Basi aulizwe kabla, siyo baada."

Ni yeye aliyeanza. Kaka alipotokeza tena kwenye mstari wa katani, mzee alimwita kwa sauti, "Cha nani hicho?" Kaka akasimama, mkono hewani. "Chako," akasema, akageuka akaenda zake. Wifi alipohadithiwa akaanza naye nyumbani. Kaka akinyoosha mkono kwenye sahani isiyo yake: cha nani? Akitaka kusema ovyo mbele ya wageni, wifi anagusa goti lake. Majirani wakalijua neno hilo, hata dukani wakawa wanalitumia. Haikumrudishia haya. Ilimpa gongo la kutembelea, na gongo hilo linashikwa na watu wengine. Hapo ndipo nilipomrudishia mama heshima yake, maana bila maneno yake kichwani mwa kaka, swali hilo lisingepata jibu.

Wakati huo binti yao alikuwa amemleta mwanawe wa kike likizo, ana mwaka mmoja na nusu, hajui kusema zaidi ya "maji" na "bibi". Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai na muhogo wa kuchemsha. Wifi alikuwa na kipande kimoja tu, amewapa wengine vinono. Kaka akakinyakua akakitia mdomoni, na mimi nikachelewa kuuliza. Wifi aliangalia kikombe chake tu.

Mtoto alimtazama babu, halafu akaukazia macho uso wa bibi. Midomo ikaanza kumtetemeka. Akashuka mkekani, akaenda kwa wifi akiwa na muhogo wake uliolowa mate, akausukuma kwenye kiganja chake, akabaki amesimama hapo mpaka bibi yake alipouma kidogo.

Nani alimfundisha? Hajachapwa hata siku moja, na hajui maana ya haramu. Kaka alikuwa na maneno yote bila kile kitu, na yule mtoto alikuwa na kile kitu bila neno hata moja, wameketi mkeka mmoja. Sikuhitaji daktari wa pili.

Siku hizi ofisini wakianza habari ya malezi nawaambia mtoto hazaliwi mtupu. Wananibishia, nami sirudi nyuma. Nawaambia pia kwamba mtu mwema asijisifu sana, kwa sababu wema wake unakaa mahali panapoweza kugongwa na kokoto.

Mwezi uliopita mzee jirani aliugua kifua. Kaka hakuwaza kwenda kumjulia hali, mpaka wifi alipompa kanzu na kumwelekeza mlango. Alikwenda. Alikaa nusu saa, hakuuliza mzee anaumwa nini, akaomba maji ya kunywa, akaaga. Nilipompigia simu mzee kumwomba radhi, alikohoa kwanza.

"Amekuja," akasema. "Wapo wenye vichwa vizima ambao hawakuja."