Mume wangu alisaini kitabu cha ndege

Bukavu, Jumanne

Dada Admin,

Uwasomee wenzetu wa kundi, ila ufiche jina langu, tafadhali. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nina watoto watatu, nakaa mtaa wa Muhumba. Mume wangu alifariki miezi saba iliyopita. Alikuwa fundi wa ndege ndogo kule Kavumu, kwenye uwanja wa ndege. Tukiwa mezani, ndege ikipita juu ya nyumba, aliacha kijiko na kusema, "Hiyo moteur inakohoa, bamupe sirop." Watoto walicheka kila mara.

Yeye na mdogo wake, nimwite Deo, ambaye ni rubani, walinunua ndege ya zamani huko Kigoma, ya viti viwili, inayowazidi wote wawili umri. Walitaka kuileta nyumbani wenyewe, wakifuata ziwa mpaka Uvira, halafu Kavumu. Mume wangu alikwenda mara nyingi kuitengeneza. Safari ya mwisho homa ilimshika akiwa huko, akarudi haraka kutibiwa.

Hospitalini alinishika mkono. "Mama watoto, mipira ya mafuta, ile inapeleka mafuta mu moteur, sikubadirisha. Ile ya zamani imepasuka-pasuka. Na mu kitabu nilisaini kama nimebadirisha, juu nilijua narudia wiki ijayo. Umuambie Deo."

Fundi akisaini kitabu, rubani anaamini na kuruka. Nililijua hilo. Lakini nilimjibu, "Utamuambia weye mwenyewe ukipona." Niliona kwamba nikiupokea ujumbe ule, nitakuwa nimekubali kwamba anakwenda. Kesho yake asubuhi alikwenda.

Siku ya kilio Deo alisimama mbele ya watu kumsifu kaka yake. "Yaya yangu hakusaini hata siku moja kintu hakugusa." Watu wakaitikia, mama mkwe akanikumbatia. Nami nikamkumbatia. Kila wiki iliyofuata ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Sasa familia imepanga tuondoe kilio, tumalize matanga, Jumamosi hii, siku Deo atakapotua na ndege. Vikwembe vya sare, vitenge vya familia nzima, vimekwisha kushonwa. Jana alipita kuaga. Nikajaribu.

"Shemeji, ile mipira ya mafuta, si uangalie kwanza?"

Akacheka. "Belle-sœur, tangu lini uko mécanicien? Yaya alisaini. Mimi nianze kuangalia nyuma yake? Iyo ni kumutukana."

Watoto walikuwa wanasikiliza, na nyuso zao zilijaa fahari juu ya baba yao. Nikamwongeza Deo chai.

Leo yuko njiani kwenda Kigoma. Mimi situlii. Nafagia nyumba niliyokwisha kufagia, natoka, narudi, naanza kumwandikia, nafuta. Nikisema, ni kama namzika mume wangu mara ya pili, safari hii bila heshima, na wataniuliza kwa nini nilinyamaza miezi saba. Nisiposema, mama mkwe anaweza kupoteza mtoto wa pili, na mimi nitakuwa nimeshona sare za kumpokea.

Msiniambie tu "sema". Hilo nalijua. Nishaurini namna ya kusema: nianze na neno gani, ili Deo asiruke na mipira ile, na bado aendelee kumpenda yaya yake? Simu iko mkononi.

Na mkiomba, mumkumbuke mume wangu kwa ndege zote alizozisaini kwa haki, zikarudi salama na watu wake. Nami mnikumbuke.