Siku Mdogo Wangu Alipopimwa Kusoma

Siku ile tulikuwa watano darasani: mimi, mdogo wangu wa kike aliye kidato cha nne, mwalimu wake wa Baiolojia, shangazi yetu (dada yake marehemu baba), ambaye hakualikwa na mtu, na mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliyetoka mkoani na begi lililojaa karatasi. Huyo ndiye aliyekuwa mpimaji. Darasa lenyewe lilikuwa la watoto wa awali katika shule moja ya msingi hapa Ifakara, na viti vilikuwa vya saizi yao. Shangazi alikalia viwili.

Kabla sijasimulia yaliyotokea mle ndani, niseme kwanza tulivyofika, maana tulichelewa wiki nzima na kosa lilikuwa langu.

Mdogo wangu anataka kufanya kazi ya maabara. Alipokuwa darasa la saba, vijana wa utafiti walikuja mtaani kwetu Kibaoni kutega mbu ndani ya nyumba za watu. Asubuhi wakikaa kibarazani kwetu kuchambua waliowanasa, naye anakaa nao. Baada ya siku chache alikuwa anawatenga kwa macho tu: huyu wa malaria, huyu wa kawaida, huyu dume, achana naye. Kijana mmoja akamwambia, "Wewe dogo, unafaa maabara." Alilitamka vile vile kama mtu anavyosema leo jua kali, akaendelea na mbu wake. Mdogo wangu hakulisahau neno lile hata siku moja.

Chuo kinataka afaulu Baiolojia na Kemia. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu mtoto huyu aliyeweza kutofautisha bawa la mbu na bawa la mbu mwingine hakuweza kutofautisha b na d. Ukimuuliza kwa mdomo anajibu mpaka unachoka wewe. Ukimpa karatasi, muda unaisha yuko swali la nne.

Mimi nilijua ni uvivu. Baba alitangulia mdogo wangu akiwa bado mchanga, akabaki mama. Mama naye alipofariki mimi nilikuwa kidato cha pili, mwenzangu ana miaka saba. Niliacha shule nikakaa kwenye cherehani ya mama, na sijaondoka hapo mpaka leo. Mtu aliyeacha shule ili mwenzake asome hana subira na mwenzake asiposoma. Nilimwita mvivu asubuhi na jioni, kama dozi.

Aliyeshtuka ni mwalimu wa Baiolojia, kijana wa Kipogoro kutoka Mahenge, mwembamba kama antena. Siku moja baada ya mtihani wa majaribio alimwita mdogo wangu ofisini, akamsomea maswali yale yale kwa sauti. Alipata karibu yote. Mwalimu akaniandikia barua. Ilisema mwanafunzi huyu aletwe kwa ajili ya upimaji, Jumatano saa tatu, akiwa na madaftari yake ya zamani, na tusikose, kwa sababu usajili wa mtihani wa taifa unakaribia kufungwa na ripoti ya mpimaji ndiyo itakayomwezesha kuongezewa muda.

Nilisoma hadi neno "upimaji", akili ikasimama palepale. Msichana wa sekondari akiandikiwa barua ya kwenda kupimwa, huku kwetu hakuna anayewaza kusoma. Niliikunja barua nikaiweka kwenye sidiria, nisimuulize mdogo wangu wala mwalimu.

Jumatano asubuhi nilimkataza chai, maana najua damu hutolewa mtu akiwa hajala. Nikampeleka zahanati.

"Apimwe nini, dada?" akauliza kijana wa maabara.

"Vyote."

"Vyote vipi?"

"Vyote mlivyonavyo."

Walichukua damu, mkojo na choo. Malaria hana. Minyoo hana. Homa ya matumbo hana. Mimba hana. Mdogo wangu alikaa kwenye benchi akitazama ukuta, na mimi nikiwa na karatasi ya majibu mkononi nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Dada," akasema.

"Nini?"

"Mwalimu alishanieleza ile barua ni ya nini. Ungeniuliza ningekuambia. Na ningekunywa chai."

Sikumwamini. Nilikwenda mpaka shuleni, nikaweka majibu juu ya meza ya mwalimu. "Mwalimu, hana kitu. Mzima kabisa."

Mwalimu alisoma karatasi mpaka chini. "Hata minyoo?"

"Hata minyoo."

Aliinamisha kichwa mezani, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia, nikaanza kumpa pole. Alipoinua uso ndipo nikaona ni kicheko, nikatamani ardhi ya ofisi ile inimeze na majibu yangu. Lakini alipomaliza kucheka hakuwa tena na uso wa mzaha. Mpimaji alikuwa hapa mjini asubuhi ile ile, akatusubiri, akaondoka kwenda Mang'ula. Angerudi Jumatano inayofuata, siku moja tu. Ijumaa ya wiki hiyo usajili unafungwa.

"Akikosa safari hii," mwalimu akasema, "Novemba atafanya mtihani kama wenzake, kwa muda wa wenzake. Na wewe unajua atafika swali la ngapi."

Nilijua.

Nyumbani mdogo wangu hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu aliomba nimpishe mlangoni, nikahesabu kwamba tumeanza kuongea.

Habari ya zahanati ilimfikia shangazi sokoni, kwenye mchele, ikiwa imeshanenepa njiani. Jumatano alfajiri alibisha hodi akiwa na kitenge chake cha kanisani na mwavuli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nakwenda nanyi. Akikutwa nayo, niwepo."

"Shangazi, anapimwa kusoma."

"Kusoma kunapimwaje? Mtu anasoma au hasomi."

"Ndiyo hicho wanachokwenda kukiangalia."

"Basi niwepo."

Ndivyo tulivyofika watano. Safari hii mdogo wangu alikuwa amekunywa chai vikombe viwili na chapati, na mimi nilikuwa nimebeba mfuko wa salfeti uliojaa madaftari.

Mpimaji alianza taratibu. Alimtajia tarakimu, mdogo wangu akazirudia kinyumenyume. Alimsimulia hadithi ya mtu na ng'ombe wake, akamuuliza maswali, akajibu hata yale ambayo mimi nilikuwa nimeshayasahau. Akamchorea maumbo. Nikaanza kuona mambo mepesi. Kisha mpimaji akatoa karatasi ya maneno na kusema, "Haya hayana maana yoyote, mwanangu. Ni ya kubuni. Yasome tu kama yalivyoandikwa."

Mdogo wangu alishika karatasi kwa mikono miwili. "De... be... bedako. Hapana. Dabe... dedako." Jasho likamtoka puani. Neno moja lilimchukua muda ambao mimi ningeweza kutia uzi kwenye sindano tatu.

"Hicho ni Kipogoro?" shangazi akanong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka barabarani.

"Kipogoro kina maana, shangazi," mwalimu akajibu bila kugeuka. "Hicho kitakuwa Kindamba chenu."

"Kijana, Kindamba ulikisikia wapi wewe, huko mlimani kwenu kwenye baridi?"

Mpimaji akavua miwani. "Wazazi wangu, naomba mkakae nje."

"Nje mvua," shangazi akasema.

"Basi kimya."

Mdogo wangu alikuwa anacheka, kichwa chini. Mpimaji alimwacha acheke, kisha akamrudishia karatasi. Haikusaidia. Maneno yalibaki magumu vile vile, na nilimwona mpimaji akiandika, akiandika, nisijue anaandika heri au shari. Mwishoni akasema anaona kitu, lakini hawezi kuandika ripoti kwa kazi ya asubuhi moja. Anahitaji kuona alivyokuwa akiandika tangu mdogo. Wengi huja mikono mitupu, akasema; madaftari ya shule ya msingi huishia kufungia karanga.

Ya kwetu hayakufungia karanga kwa sababu mimi ni fundi. Vipimo vya wateja naviandika nyuma ya madaftari yake yaliyokwisha, na kipimo cha mteja hakitupwi. Nikamwaga salfeti juu ya meza. Yalikuwepo yote, tangu darasa la pili.

Mpimaji akafungua moja kwa upande wa nyuma. "Kifua arobaini na nne, kiuno arobaini na mbili, nyonga hamsini. Nani huyu?"

Nikamtazama shangazi. Nikaona heri ninyamaze, lakini nilikuwa nimeshamtazama.

"Soma mbele, daktari," shangazi akasema. "Huko nyuma hakukuhusu."

Akageuza. Lilikuwa daftari la darasa la nne, insha yenye kichwa "Familia Yangu". Akasoma kwa sauti, polepole: "Baba yangu ni fundi. Baba yangu anashona nguo Kibaoni. Baba yangu ananipikia uji. Nampenda baba yangu." Akainua macho. "Baba alikuwa fundi cherehani?"

"Hapana," nikasema. "Baba alikuwa mkulima wa mpunga. Alifariki huyu akiwa bado hajatambaa."

Insha ile niliikumbuka vizuri. Mwalimu wa darasa la nne aliniita mwaka ule akanionyesha, akasema mtoto anamwota marehemu. Nikampelekea shangazi. Shangazi alilia jikoni, akaenda parokiani, tukamsomeshea baba misa na kupika pilau. Mtoto alivalishwa gauni jeupe akakaa benchi la mbele, na kila mtu akampapasa kichwa.

"Sasa fundi ni nani?" mpimaji akauliza.

"Fundi ni mimi."

Mdogo wangu akanyoosha shingo, akatazama daftari, midomo ikicheza. Kisha akasema, kama mtu anayesahihisha bei, "Niliandika dada."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Niliandika dada yangu ni fundi. Misa sikuielewa. Nilifikiri ni sikukuu."

"Yesu na Maria," shangazi akasema. "Na pilau lote lile!"

Hapo mwalimu alishindwa kujizuia, na shangazi mwenyewe akafuata, mpaka kiti kimoja kati ya vile viwili kikalia ko. Mimi nilicheka pia, kisha nikajikuta nimelivuta lile daftari na kulisoma tena kuanzia juu, kila baba nikiigeuza dada. Dada yangu ananipikia uji. Miaka saba insha ile ilikuwa mikononi mwangu, na nyuma yake nimeandika nyonga za watu.

Mpimaji aliendelea kufunua, la tano, la sita, kidato cha kwanza, akiweka alama kwa penseli. "Mvivu hukosea ovyo," akaniambia, ingawa sikuwa nimemtajia neno uvivu. Nadhani anakutana na wengi kama mimi. "Leo hapa, kesho pale. Huyu miaka yote anakosea mahali palepale. Kwa wataalamu inaitwa disleksia. Si ugonjwa na haina dawa, na akili yake haina kasoro. Herufi zinamchelewesha, basi. Akipewa muda atafika."

"Na maabara?" mdogo wangu akauliza. Ndilo swali pekee alilouliza siku nzima.

"Utajifunza kubandika lebo kwa rangi, na kusoma kila lebo mara mbili. Kuna watu wasio na shida yako ambao ningependa nao wasome mara mbili."

Kisha akanigeukia na kalamu. Muda wa nyongeza peke yake hautoshi, akasema. Mpaka Novemba anahitaji mtu wa kumsomea kitabu kwa sauti, nusu saa kila siku, naye afuatishe kwa kidole. Ni nani huyo? Ataandikwa kwenye ripoti.

"Mimi," nikasema, na kabla sijafikiri vizuri nikawa nimeshaandikwa.

Mwalimu alipeleka ripoti Alhamisi asubuhi kwa pikipiki, akiwa ameifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Wiki kadhaa baadaye jibu lilikuja: ameongezewa muda. Shangazi anazunguka nyumba kwa nyumba akieleza watu mtoto alipimwa nini hasa, na kwa jinsi anavyolitamka disleksia, nyumba nyingine zimempa pole ya msiba.

Kitabu cha Baiolojia ni Kiingereza kitupu, na mimi Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Nasoma ninavyoona, yeye anasikia inavyotakiwa.

"Dada, hiyo e ya mwisho haitamkwi."

"Mbona wameiandika?"

"Ndicho nilichokuwa nakuambia miaka yote."

Tumesoma mmeng'enyo wa chakula, tumesoma moyo, na nimejua mambo ya figo ambayo sikuyatafuta. Lakini zilikuja nguo za Idi, ikaja harusi ya watu wenye wasimamizi wanane, nikaenda msibani Chita siku nne, na kila siku niliyokosa mdogo wangu anaikumbuka kwa jina lake. Mpaka wiki iliyopita alikuwa ananidai nusu saa kumi na nne, na sura ya urithi hatujaigusa. Jumapili baada ya kanisa nilijaribu kulipa mbili kwa mpigo. Alikubali moja. Ile nyingine alisema nilikuwa nasinzia na nimeruka mstari, na aliujua mstari wenyewe.

Zimebaki kumi na tatu.