Uzi wa Mama Philomène

Mama yangu Philomène atanitoa roho. Mimi ni fundi wa nguo hapa Alunguli, watu wanavuka muto kuniletea vikwembe vyao, lakini mbele ya mama sijui kitu. Binti yangu Princesse amezaa mutoto mwanaume, tumemupa jina la marehemu papa yangu, Okito, na Jumamosi anamupeleka kwa bwana yake, kule Kampene. Mama amesema mutoto hatoki hapa bila kufunikwa na bulangeti lile. Na bulangeti lile linaisha.

Alilishona wakati wa vita, muji ulipofungwa, treni haiji, sokoni hakuna uzi hata wa kushonea kifungo. Papa alishuka na muto mpaka Lokandu kuvua samaki, hakurudi, na kaburi hatuna. Mama akakata mashati ya papa vipande vipande, akaviunganisha kwa uzi wa nailoni. Tulilala watoto wote chini yake, na joto tulipata, sikatai.

Lakini nailoni, eh Mungu wangu! Shati la pamba ni laini, nailoni ni kali. Ukivuta bulangeti, uzi haukatiki, nguo njo inapasuka, kandokando ya kila mushono. Tena uzi wenyewe umejaa mafundo, na kila fundo limetoboa tundu lake. Vipande vya pamba vinataka uzi wa pamba, wenye nguvu ndogo kuliko nguo, ili siku ya kuvutwa ukatike uzi kwanza. Uzi ukikatika, utashona tena. Shati la marehemu utalitoa wapi? Nimemuambia mpaka mudomo umekauka. "Uzi wa nguvu njo uzi," anajibu, halafu anageukia ukuta.

Alhamisi nikavuka, nikazunguka soko lote. Uzi wa kwanza niliuvuta kidogo tu, pwa! umeoza kwa jua. Wa pili ulimetameta vizuri, kumbe nailoni tena. Mwishowe nikapata wa pamba, nikarudi nimechoka, nikatandika bulangeti chini, nikashika makasi. Mama akaja, akalikalia. Ndiyo, akalikalia katikati, miguu amenyoosha!

"Mama, ondoka. Mutoto anaenda kesho kutwa."

"Badilisha nguo. Uzi usiguse."

"Nguo njo papa, mama! Uzi ni takataka ya vita!"

Akanitazama kama mutu anayemuonea mwenzake huruma. "Élisabeth, mashati papa yako alinunua sokoni, watu wengine walikuwa wameshayavaa. Huu uzi njo wavu wake, ule aliouacha nyumbani. Aliusuka yeye mwenyewe pale mulangoni, weye ukitambaa. Nilifungua fundo kwa fundo nipate cha kushonea. Mafundo haya yaliyobaki, nilishindwa kuyafungua."

Hasira ikanipanda mpaka kichwani, ikakosa pa kwenda. "Miaka yote hii! Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza siku gani? Weye kazi yako kunifundisha."

Nifanye nini sasa? Nikaweka uzi wangu mupya pembeni. Nikakata suruali kuukuu za jinzi, nguo nene ambayo nailoni haitaishinda upesi. Nikauchomoa ule uzi polepole kwa ncha ya sindano, makasi nimeyafungia sandukuni. Mashati nikayatandaza ndani, katikati ya jinzi na jinzi, yasivutwe tena na mutu. Nililia nikishona kwa uzi uleule wa wavu, na bado nilikuwa nimekasirika. Mama alikaa nyuma yangu kila saa, akisema mushono wangu umepinda.

Jumamosi asubuhi Princesse alimulaza mutoto juu ya bulangeti, akapapasa ukingo, akakunja uso. "Mama, haya mafundo yatamukwaruza. Niyakate?"

"Usiguse!" Sikujua ni nani alipiga kelele zaidi, mimi au mama.