Ratili za Eduviges Pimentel

Kwa miaka ishirini na sita Eduviges Pimentel alipima watoto katika zahanati moja ya milimani, mwendo wa saa mbili kutoka Santo Domingo, na hakuna aliyewahi kumkosoa. Alikuwa mfupi, mkali, asiyependa kuonyeshwa kazi. Mtoto akiwekwa kwenye mizani, yeye alitaja ratili zake kabla mshale haujatulia, na mara nyingi alipatia. Ndoa yake haikudumu. Zahanati ndiyo iliyodumu. Sasa ilibaki miezi mitatu astaafu.

Ndipo zikaletwa kompyuta. Kabla ya kuziwasha, msimamizi, Licenciado Féliz, aliyeitwa hivyo kwa shahada yake, aliwaita wafanyakazi wote waorodheshe hatari zinazoweza kutokea. Waliorodhesha kweli: umeme kukatika, bati kuvuja, wezi, mijusi kutaga ndani ya mashine. Eduviges akataka wiki mbili za kutumia karatasi na kompyuta kwa pamoja.

"Doña Eduvi, wiki mbili za kazi mara mbili? Unataka kutuua?"

"Mwendapole hajikwai, Licenciado."

"Mwendapole wetu huyu hata kufika hafiki!"

Watu wakacheka, na shauri likaishia hapo.

Kompyuta zile zilitoka nje ya nchi na zilihesabu kwa kilo, na ratili moja haifiki hata nusu kilo. Katika orodha yao ndefu jambo hilo halikuwemo, maana kila aliyekuwa chumbani amenunua maharage kwa ratili tangu utoto, na wanawe amewapima kwa ratili. Jambo ulilokua nalo hulioni. Eduviges naye hakuliona.

Asubuhi ya kwanza aliandika uzito wa watoto kumi na mmoja wenye homa. Kila mara kompyuta ilikokotoa kipimo cha dawa, karatasi ikatoka, mama akaipeleka kwenye dirisha la dawa. Wa kumi na mbili alilia mno hata ikabidi Eduviges amnyweshe mwenyewe. Alipovuta dawa kwa bomba la kunyweshea, mkono ukasita. Nyingi mno. Akatazama kioo cha kompyuta: 22. Pembeni, kwa herufi ndogo, kilo. Mtoto yule hakuzidi kilo kumi.

Akaogopa, tena sana. Hakuna aliyeona. Angeweza kumsahihisha huyu mmoja, akanyamaza, akastaafu na jina lake safi. Lakini watoto kumi na mmoja walikuwa wameandikiwa dawa mara mbili ya kiasi chao, na dawa ya homa ikizidi huharibu ini.

Akatoka barazani. "Akina mama! Ambaye hajampa mtoto dawa, asimpe! Nimekosea mimi, Eduviges Pimentel!"

"Shusha sauti, doña," Féliz akanong'ona. "Tutasema ni mashine."

"Mashine imeandika nilichoiandikia. Nipishe."

Kumi walipatikana pale pale, barazani na kwenye foleni, kabla hawajanyweshwa. Wa kumi na mmoja, Wilkin, mama yake, Yokasta, alikwisha kupanda naye mlimani. Eduviges akadandia pikipiki ya kukodi, akamshika dereva kiunoni na kusali njia nzima.

Alimkuta Yokasta jikoni akiponda ndizi za kuchemsha. Wilkin alikuwa sakafuni, akigongagonga kifuniko cha sufuria.

"Umeshampa dawa?"

"Nimempa, doña. Kuna nini?"

"Kiasi gani?"

Yokasta akainamisha macho. "Usinigombeze. Karatasi inasema vijiko viwili. Mimi nimempa kimoja."

Kimoja ndicho hasa kilichomfaa. Eduviges akaketi kwenye kigoda, akamshukuru Mungu kwa sauti, machozi yakimtiririka.

"Ulijuaje, mwanangu?"

"Sikujua kitu. Huwa nampa nusu siku zote, chupa ipate kufika mbali. Huku juu sote ndivyo tunavyofanya. Hata mama, ulipokuwa ukinipima mimi, alikuwa akininywesha nusu."

Machozi ya Eduviges yakakatika. Miaka ishirini na sita alipima sawasawa na kuandika sawasawa, na watoto wa mlimani wakanywa nusu. Siku aliyokosea ndiyo siku Wilkin alipopata dawa yake kamili.