Mkono Chini ya Leso

Mimi ndiye niliyemgonga mama mkwe wangu. Nalisema mapema ili msomaji asinihurumie bure. Nilikuwa natoka shuleni ninakofundisha, juu ya baiskeli ya umeme niliyoringia nayo kijiji kizima, naye alikuwa ameinama njiani akihamisha mpira wa maji kwenye shamba letu la ndizi hapa Mitunguu. Baiskeli ile haina sauti, nami sikupiga kengele. Aliangukia mkono wa kulia, ukavunjika karibu na kiganja.

Hospitalini walimfunga plasta kutoka chini ya kiwiko mpaka kwenye vifundo vya vidole. Tulipokuwa tunatoka, muuguzi alinigeukia mimi, si yeye.

"Madam, siku hizi tatu za kwanza ndizo za kuangalia. Mkono ukae juu ya mito, juu kuliko moyo. Finya ukucha uwe mweupe, halafu uachilie. Rangi irudi mara moja. Vidole vikifura, vikiwa baridi ama vikifa ganzi, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Rudi hapo hapo."

Niliyaandika yote nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo. Siku ya kwanza nilifinya kucha zile mpaka akanikemea. Siku ya pili, Jumamosi, aliniambia asubuhi kwamba ameshafinya mwenyewe na ziko sawa. Nikamwamini, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi: kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kinakuja kumwona mgonjwa.

Kwetu hilo si jambo dogo. Wanakuja na ucuru, ule uji wetu wa nafaka, sukari na nyimbo, na hakuna anayewarudisha mlangoni. Kabla hawajafika, mama aliniamuru niondoe mito. "Nitapokea wageni nimeinua mkono kama mtoto anayeomba kwenda choo?" Akaushusha mkono mapajani, akaufunika kwa leso. Nilipaswa kukataa. Lakini mkaza mwana aliyemvunja mama mkwe mkono hana mdomo katika nyumba ile, nami nikaiondoa mito.

Walikuja kumi na mmoja. Mwenyekiti wao aliitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akanigeukia. "Madam, tumesikia mashine yako haipigi kelele. Na wewe, hukuwa na mdomo?" Wakacheka, nikacheka nao.

Nilipompelekea mama kikombe, alikipokea kwa mkono wa kushoto, uji ukamwagika. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mitunguu kuna joto, ndiyo, lakini wengine wote walikuwa wakavu.

"Mama, niangalie vidole?" nikamnong'oneza.

"Wacha. Watu wanakuangalia."

Wimbo wa kwanza. Wimbo wa pili. Ushuhuda mrefu wa mtu na ng'ombe wake. Niliwakasirikia wageni, nikamkasirikia mama, na zaidi ya wote nikajikasirikia mimi niliyekaa pale na birika kama mtumishi wa harusi. Nilijua. Kila dakika nilijua, na bado nilimimina uji.

Maombi yalipoanza na macho kufumbwa, nilipiga magoti mbele yake nikaifunua leso. Mkaza mwana hamfunui mama mkwe bila ruhusa. Vidole vilikuwa vimefura hadi mikunjo imepotea, rangi ikielekea buluu. Nikafinya ukucha, nikauachilia, nikahesabu mpaka nne. Ulibaki mweupe. Nikakibana kidole kidogo kwa nguvu zangu zote, naye hakushtuka.

Nikasema "Amina" kwa sauti ya darasani, mwombaji akiwa katikati ya sentensi.

"Mniwie radhi. Tunaenda hospitali sasa."

"Si ungoje tu tumalize? Ni dakika tano," mwenyekiti akasema.

"Hatuna dakika tano."

Aliviona vile vidole. Hakubishana tena, alikimbia mwenyewe barabarani, akasimamisha pikapu ya ndizi. Njia nzima nilimshikilia mkono juu kwa mikono yangu miwili, katikati ya mikungu. Hakulia hata kidogo, na hilo liliniogopesha kuliko kilio.

Waliipasua plasta pande zote mbili, wakakata na bendeji ya ndani. Tukangoja. Kidole gumba kilianza kupata wekundu, kisha kile kinachofuata. Daktari akauliza ganzi ilianza lini. Nilifungua mdomo kusema saa sita mchana, aliposhusha mkono kutoka kwenye mito.

"Jana jioni," mama akajibu.

Hasira ilinipanda. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Wale hawakuja kuniona mimi. Walikuja kuona kama unanitunza. Ningerudishwa hospitali siku ya pili, wangesema umenivunja mara mbili."

Nikalia mbele ya daktari.

Mfupa uliunga vizuri. Vidole viwili vya mwisho havijapata hisia mpaka leo, na huviunguza kwenye sufuria bila kujua. Juzi jirani aliviona vile vidonda, akamuuliza vimetokana na nini. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshavuta pumzi ya kujibu.

"Ni uzee tu," mama akasema, akaniomba nimwongezee chai.