Makame wa Mize

Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, mchana kweupe, nimeshiba na sina homa. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu. Mimi mwenyewe ndugu zangu wakianza habari za mashetani huwacheka, nikaondoka kwenda kuosha vyombo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mkalimani wa Kiswahili hapa London. Siku hiyo nilipelekwa Croydon, kwenye jengo moja la serikali, kumfasiria mwanamke aliyekuwa akiomba kubaki nchini. Kazi ile ina sheria yake: unasema lililosemwa, basi. Huongezi, hupunguzi, wala hupigi soga na mtu ukumbini. Wenzangu waliniita Bi Kanuni, na mimi, masikini, nikidhani wananisifu.

Ilikuwa tarehe kumi na moja Novemba, siku Waingereza wanapowakumbuka askari wao waliokufa vitani. Kila ofisa alikuwa na ua jekundu la karatasi kifuani. Ikifika saa tano kamili watu husimama kimya dakika mbili. Tukasimama. Ukumbi mzima, watu wa kila nchi na vikaratasi vyao vya foleni mikononi, kimya.

Ndipo nikamwona. Alikuwa mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa, mwanamume ambaye hakufika hata miaka thelathini. Miguu mitupu, imevimba, vidole vimeliwa na funza. Shuka moja kiunoni. Shingoni alivaa kibati chenye namba, kimefungwa kwa uzi, na kichwani alibeba sanduku kubwa la mbao. Alilishika kwa mkono mmoja na shingo ilikuwa ikimtetemeka. Niamini, nilisikia hata harufu ya matope.

"Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu Unguja kabisa, "waulize hao wazungu. N'tue?"

Kijana yule kuniita mimi mwanangu! Nikatazama kushoto na kulia. Hakuna aliyegeuka.

"Mimi Makame wa Mize," akasema tena. "Nimebeba tangu pwani. Hapana aliyenambia n'tue. N'tue, mwanangu?"

Unajua nilifanya nini? Niliweka kidole mdomoni. Kisha nikamwonyesha kwa mkono: subiri. Watu wako kwenye kimya, na yeye si mteja wangu. Aliniangalia kidogo, akakubali kwa macho, kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo miaka yote.

Dakika zikaisha, watu wakakaa. Nikageuka kumtafuta, hayupo. Sakafuni palibaki nyayo mbili za matope, na mlinzi akanilaumu mimi na viatu vyangu.

Jioni nilikwenda Kingsbury kumwona bibi yangu, mama yake mama. Lazima nikueleze habari zake. Wakati huo alikuwa na miaka themanini na kitu. Baba yake alichukuliwa Unguja kuwabebea Waingereza mizigo katika vita vya Mjerumani, bibi akiwa bado tumboni. Hakurudi, wala hapakuja habari yake. Mkewe hakukaa eda, maana nani alimwambia kwamba mumewe kafa? Hakuolewa tena, akangoja mpaka akafa yeye. Bibi naye akaurithi ule ungojaji. Kila tulipotaka kumsomea baba yake hitma alikuja juu: "Hasomewi mtu ambaye hamkumzika!" Sisi tulimjua kama Makame bin Haji, na hatukujua zaidi.

Nilimsimulia kisa kile huku najichekesha, maana moyoni nilikuwa na hofu. Bibi akaweka kikombe chini.

"Kajitaja vipi?"

"Makame wa Mize."

Akafumba macho. "Mize ni bibi yangu, mzaa baba. Hata mama yako hajui kuwa nina bibi wa jina hilo." Akasema polepole: "Mtu hai hutajwa kwa baba yake. Kwa mama huitwa siku moja tu, kaburini, akisomewa talakini. Basi kafa. Kafa na hapana aliyemwita, anajiita mwenyewe."

Kisha akanishika mkono. "Nawe ukamwambiaje?"

Mimi, Bi Kanuni, nisiyeongeza wala kupunguza. Nikamtazama usoni nikasema, "Nilimwambia, tua babu. Akatua."

Bibi alilia sana, na katikati ya kilio akawa anamshukuru Mungu. Ijumaa ile tukasoma hitma pale sebuleni, mikeka juu ya zulia. Mwanangu mdogo akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyefariki. "Baba yangu," bibi akamjibu, na watu wakampa mkono wa pole kama aliyefiwa juzi. Yeye mwenyewe alitutoka kabla Ramadhani haijaingia, akiwa ametulia.

Na mimi? Kila mwaka siku ile hurudi Croydon. Ukalimani niliuacha na ndani siruhusiwi tena, kwa hiyo husimama nje, mlangoni. Saa tano ikifika, watu wakinyamaza, mimi husema kwa sauti, "Tua, babu." Watu hunitazama vibaya sana. Hajaja tena. Wenye elimu wananiambia hitma imemfikia, amepumzika. Huenda. Lakini wao hawakuiona shingo yake.

Basi wewe unayenisikiliza, ukikutana na mtu kabeba, awaye yote, akakuuliza kama anaweza kutua, usitazame saa, usitafute mkubwa wa kumwuliza. Mwambie atue. Mimi neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni, nikaliziba kwa kidole changu.